Nyaya Tatu za Mzee Modest

Mzee Modest hakuwahi kumruhusu fundi mwingine avuke kizingiti cha nyumba yake pale Chemchem. Kila waya wa nyumba ile aliuvuta yeye, kuanzia taa ya barazani hadi swichi ya choo, ambayo aliipima kwa urefu wake mwenyewe, na mkewe Recheli akaishi miaka thelathini akiwasha taa ya choo kwa mwiko.

Alikuwa fundi umeme wa reli kwa miaka thelathini na minne. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Babu yake akabeba mataruma ya reli. Modest akabeba bisibisi, na kwa mawazo yake ukoo ulikuwa umeshafika kileleni, hakuna tena pa kupanda. "Umeme," alipenda kuwaambia waliomletea pasi na redio, "ni kama Mungu wa Agano la Kale. Humwoni, hana mjomba, na ukimgusa bila utaratibu anakurudisha mavumbini." Siku moja padre aliyasikia maneno hayo akanyamaza kimya. Pasi ya parokia ilikuwa mezani kwa Modest, imefunguliwa tumbo.

Ila kulikuwa na siri, na siri ilikuwa na umri wa mwaka na nusu: macho. Ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto bila kubisha hodi. Watu aliwatambua kwa sauti, njia aliijua kwa miguu. Rangi ndizo zilizomsaliti. Waya wa kahawia, wa buluu, na ule wa kijani wenye mstari wa njano, zote kwake zilikuwa rangi moja, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

Hakumwambia mtu. Akabuni mbinu: kila aliyeleta kitu aligeuzwa mwanafunzi. "Haya, tuone kama shuleni ulikwenda kusoma au kula uji. Huu rangi gani?" Mteja anajibu, anasifiwa, anaondoka akisema mzee yule ana moyo wa kufundisha.

Kwa Recheli mbinu hiyo isingefaa. Mwanamke aliyeolewa na Mkatoliki akabaki Mmoraviani kwa ukaidi mtupu hadanganywi kwa maswali ya shule ya msingi. Angeulizwa rangi mara moja tu, angejua. Na akijua, fundi Adriano wa mtaa wa pili, aliyejifunza umeme kwenye simu, angeingia na viatu vyake mpaka jikoni. Siku hiyo Modest angekuwa mzee wa kuwekwa kwenye mkeka, ageuzwe kufuata kivuli.

Basi Ijumaa moja plagi ya friza ikaungua.

Recheli aliuza migebuka iliyokuja kwa treni kutoka Kigoma, na friza ndilo lililokuwa ghala lake. Asubuhi alilikuta limenyamaza. Plagi ilikuwa imevimba, imeyeyuka upande mmoja, inanuka kama kwato iliyochomwa.

"Baba Festo, samaki wanalia humo ndani."

"Samaki hawalii."

"Basi nitalia mimi. Unatengeneza, au nimwite Adriano?"

"Adriano! Yule hata kiberiti kinampiga shoti."

Akavaa kofia, akaenda dukani kwa Dinesh kununua plagi ya pini tatu. Dinesh akamwapia kwamba ni orijino. "Marehemu baba yako naye aliniapia hivyohivyo," Modest akamjibu, "ikayeyuka kabla sijamaliza kumshukuru." Wakacheka wote wawili, na plagi akaichukua.

Saa saba mchana alikuwa kwenye kigoda mbele ya friza. Recheli alisimama nyuma yake na beseni, na mlangoni walikuwepo wateja wawili waliokuja kununua samaki na sasa walikuwa wanaangalia kazi bila kiingilio. Modest akaikata plagi iliyoungua, akachuna nyaya tatu kwa kisu. Mikono haikukosea hata kidogo. Akaifungua plagi mpya. Ndani yake alipajua kama sala ya Baba Yetu: ethi, ule wa ardhini, juu; moto kulia penye fyuzi; nyutro kushoto. Sehemu zote tatu alizijua. Kilichomshinda ni waya upi uende wapi.

"Mama Festo, hebu niletee maji ya kunywa."

"Ulikunywa sasa hivi."

Akauinua waya mmoja kuelekea mwanga wa mlangoni. Ukungu. Akauinua wa pili. Ukungu, ndugu wa yule wa kwanza. Na hesabu yake aliijua vizuri: ule wa kijani umeshikana na bodi ya friza. Ukifungwa penye moto, friza zima linakuwa mtego, na wa kwanza kulifungua atakuwa Recheli, mikono imelowa maji ya samaki. Angeweza kusema neno moja tu, sioni. Akachagua waya mmoja, akaanza kuuingiza kwenye tundu la kulia.

"Hodi hapa kwa wapagazi!"

Alikuwa Masolwa, jirani, Msukuma wa Ziba aliyezeekea minadani akiuza ng'ombe. Msukuma na Mnyamwezi kama Modest ni watani, na mtani hakasirikiwi. Msibani anaweza kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na wafiwa wanacheka na machozi mashavuni.

"Mwadila, mke wangu," akamsalimu Recheli, akachuchumaa kuangalia kazi. Akaangalia. Akaangalia tena. Halafu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Recheli! Njoo uone! Mpagazi huyu haoni! Kipofu kabisa! Waya wa kijani anautia kwenye moto, anataka akukaange pamoja na samaki, arithi beseni!"

Bisibisi ikamtoka Modest mkononi. Mwaka na nusu wa siri, na sasa imetangazwa mlangoni kama mnada wa ng'ombe. Akasubiri.

Wateja wakacheka mpaka mmoja akashika mwimo wa mlango. "Huyu Masolwa jamani, ana maneno!" Hakuna aliyeamini hata nusu ya neno. Aliyesema ni mtani.

Modest akapumua. "Na wewe Msukuma," akasema, "rangi umezijulia wapi? Wewe unajua rangi za ng'ombe tu."

"Ndiyo! Na hajapata kupigwa shoti hata ndama. Wa kijani ulinifundisha mwenyewe siku nilipokuletea redio. Bisibisi hii nimeikamata. Utaikomboa."

"Haya, fanya basi, tukuone! Wa kijani uko wapi? Uinue watu wauone!"

"Huu hapa!"

"Upeleke juu, penye pini ndefu. Wa kahawia kulia, penye fyuzi. Wa buluu huo uliobaki kushoto. Kaza! Hiyo ni skrubu, siyo kamba ya ndama."

Masolwa alikaza huku akitukana ukoo mzima wa Modest kwa mpangilio, kizazi baada ya kizazi. Alipomaliza, Modest akaitwaa plagi, akavuta kila waya kwa vidole viwili. "Wa kushoto unacheza. Rudia." Masolwa akaangalia: kweli unacheza. Akarudia bila tusi.

Friza likakohoa, likaanza kuunguruma. Masolwa akalifungua mwenyewe, akachomoa migebuka miwili minene. "Fidia ya bisibisi. Na Jumatano nampeleka huyu hospitali, kuna madaktari wa macho wanakuja. Wakimkataa, ninamwacha hukohuko."

Wateja wakacheka tena, wakapewa samaki wao, wakaondoka. Recheli hakucheka.

Modest akamsindikiza mtani wake mpaka njiani. Walipofika penye ua akauliza.

"Hao madaktari. Jumatano saa ngapi?"

Masolwa akaihamishia migebuka mkono wa kushoto.

"Saa mbili. Nitapita na bodaboda. Utakaa nyuma kama mzigo. Wapagazi mmebeba vya kutosha, siku hiyo utabebwa."

Modest aliporudi ndani, Recheli alikuwa anapanga samaki, amempa mgongo.

"Shati lako jeupe nitalipiga pasi Jumanne," akasema.

"La nini?"

"La kwendea kwa daktari."

Modest akaweka mkono juu ya friza, akausikia mtetemo wake.

"Pasi yenyewe," akasema, "usiichomeke kabla sijaishika plagi yake."

"Nitakuletea, fundi."