Nilileta mashine ya vidole kazini Kitale, ikamfuta kazi Mama Nelly akiwa kazini

Wakuu, sasa.

Nimekuwa msomaji kimya humu ndani kwa muda mrefu, leo nimeamua kuchangia. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ushahidi wa picha ninao, picha ya kidole gumba cha mguu, lakini moderator ameikataa.

Kama unakula, maliza kwanza.

Majina nimebadilisha. Kampuni siitaji kwa sababu bado ndiyo inanilisha.

Mimi ni HR, yule wa kushughulikia mambo ya wafanyakazi. Najua mnavyotupenda.

Kampuni yetu inanunua mahindi kwa wakulima wa huku Trans-Nzoia, inayakausha, inayachambua na kuyapakia kwa magunia. Store iko hapa Kitale. Ofisi kubwa iko Bungoma, na huko ndiko anakaa mkurugenzi wetu, Madam Nafula.

Kazi niliipata kwa sababu ya project ya diploma. Wale mlisoma management mnaijua hiyo topic, kila darasa lazima watu watano waifanye: jinsi teknolojia na usimamizi wa wafanyakazi vinavyoathiri utendaji wa shirika. Niliandika kurasa sitini. Arobaini nilizitoa kwa watu ambao nao walizitoa kwa watu wengine. Nikahitimisha kwamba teknolojia inaondoa upendeleo na kuongeza utendaji. Wakati huo teknolojia niliyoijua vizuri ilikuwa kutafuta password ya wifi ya jirani.

Shida ni kwamba Madam aliisoma. Yote.

Hata supervisor wangu chuoni hakufika katikati. Najua kwa sababu ukurasa wa thelathini ulikuwa umejirudia na hakusema kitu. Madam aliuona. Kwa interview aliniambia ukurasa wa thelathini umejirudia, lakini wazo ni zuri, kwa hivyo nije nilifanye kwa vitendo.

Basi nikaleta mashine. Unaweka kidole asubuhi ukiingia, unaweka jioni ukitoka, na ripoti inaenda moja kwa moja kwa simu ya Madam kule Bungoma. Ina sauti ya mwanamke wa Kiingereza. Ikikukubali inasema "Thank you." Ikikukataa inasema "Please try again."

Mimi na ujuaji wangu nikaongeza kitu. Nikaiweka kwamba mtu asipoonekana mwezi mzima, mfumo umtumie SMS wenyewe kumwambia ameacha kazi. Niliona huo ndio uongozi wa kisasa.

Sasa niwatambulishe watu wawili.

Wa kwanza ni Denno, karani wa geti. Meza yake iko futi tatu kutoka kwa mashine. Vidole vya Denno havijawahi kubeba kitu kizito kuliko kikombe. Anafika mapema, anaweka kidole, anavuka barabara kwenda kunywa chai, na hiyo chai, wakuu, sijui huwa wanaipika kwa kuni gani, kwa sababu haiishi mpaka jioni. Jioni anarudi anaweka kidole tena.

Wa pili ni Mama Nelly. Kwao ni Bokoli, ameshona magunia hapa tangu store hii ikiwa na kuta tatu. Anafika wa kwanza, anatoka wa mwisho. Sindano yake ya gunia huwa ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Anashona gunia huku anasimulia habari za kanisani, na hajawahi kuangalia sindano iko wapi. Nelly ni binti yake wa mwisho, yuko Form Three, na kazi hiyo ndiyo inamweka shule.

Mashine ilimpenda Denno siku ya kwanza.

Mama Nelly ilimkubali siku ya kujiandikisha tu, baada ya kujaribu vidole vyote. Kuanzia hapo ikawa ni "Please try again" kila asubuhi. Wanaume wa kubeba magunia pia iliwasumbua, lakini wao angalau mara moja kwa wiki ilikuwa inawaonea huruma. Mama Nelly hapana. Alikuja kuniambia mara nne.

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia aendelee kujaribu, itamzoea.

Kama mbwa wa jirani.

Mwezi ukaisha. Ripoti ikafika Bungoma. Denno asilimia mia moja. Mama Nelly sifuri. Madam akapiga simu akiwa amefurahi, akasema Ijumaa anakuja Kitale kumpa Denno zawadi ya mfanyakazi bora, na kwamba project yangu imeanza kuzaa matunda. Nikafurahi pia. Sikufungua hiyo ripoti, ukweli usemwe.

Jumatatu ya wiki hiyo, Mama Nelly akaja mlangoni pangu na simu mkononi. Vumbi la mahindi mpaka kwa kope.

"Kijana yangu, nisomee hii. Miwani nimeacha nyumbani."

Nikaisoma. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, kwa Kiingereza, yale niliyoandika siku ya kuweka mashine. Nilikuwa nimeyaonea fahari sana. Nikamwambia inasema kuna mtu ameacha kazi bila ruhusa, na mwisho wake ni Ijumaa.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Na inasema nimeenda wapi?"

"Inasema haijulikani uko wapi."

Akaangalia gumboots zake. Halafu akaniangalia mimi.

"Si uiambie niko hapa?"

Wakuu, niliona aibu. Siyo ile ya kucheka, ile nyingine. Mtu amesimama mbele yangu anatoka jasho la kampuni, na mimi ninamsomea kwamba hayupo.

Nikampigia Madam. Nikaeleza kwamba mashine imekosea. Akanisomea sentensi yangu ya ukurasa wa hamsini na nane, kwamba teknolojia inaondoa upendeleo wa binadamu.

"Mashine haina sababu ya kunidanganya," akasema. "Wewe unayo."

Nikabaki na siku nne.

Siku ya kwanza niliketi na Mama Nelly nikaangalia vidole vyake kwa mara ya kwanza. Vilikuwa laini kama sahani. Kamba ya gunia na vumbi vilikuwa vimefuta mistari yote, miaka mingi iliyopita. Hakuna kitu cha mashine kusoma hapo. Tukajaribu sabuni. Tukajaribu mafuta ya kupikia. Jumanne fundi mmoja wa simu mjini akanishauri tutumie ile jelly ya kukamulia ng'ombe. Tukaipaka. Mashine ikateleza mpaka ikamkataa hata Denno, na hiyo ndiyo siku pekee alikosa kwenda chai, kwa sababu alikuwa anaipangusa na kuilalamikia.

Jumatano saa ya lunch, Mama Nelly alikuwa amekaa kwa ngazi ya ofisi yangu ametoa gumboots, anapumzisha miguu. Mimi nilikuwa namweleza, kwa huzuni na kwa Kiswahili cha diploma, kwamba kidole kikishafutika mistari hakuna la kufanya.

Akainua mguu. Akaangalia kidole gumba.

"Na hiki?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikainama, na ninawaambia hivi kwa heshima zote, kilikuwa kidole kizuri. Kimeishi ndani ya soksi na gumboot miaka yote, hakijawahi kushika kamba. Mistari yote ilikuwepo.

Nikatoa mashine ukutani na bisibisi, nikaiweka chini juu ya kreti ya soda. Nikamwandikisha upya. Akaweka mguu polepole, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Thank you," mashine ikasema.

"Karibu," Mama Nelly akaijibu.

Kabla lunch iishe, wanaume wote wa magunia walikuwa wamepanga foleni bila viatu. Kumi na mmoja. Sitawaeleza harufu. Mashine ilivumilia, haikukataa hata mmoja.

Ijumaa Madam alifika mapema kuliko tulivyotarajia, saa moja na nusu asubuhi. Akakuta watu wazima wamesimama kwa foleni, gumboots mkononi, mguu mmoja mmoja unaenda juu ya kreti, na sauti ya mzungu inawashukuru.

Akauliza kama tumeanzisha kanisa.

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Akasema mguu wa siku mbili haufuti mwezi mzima wa kutoonekana, ule ujumbe wa kuacha kazi unabaki pale pale mpaka akae na kamati Bungoma. Kwa sasa kulikuwa na lori langoni, kuna mwenye kinu Bungoma anangoja magunia mia moja kabla ya saa sita, na asipoyapata atanunua kwingine. Akamwambia Mama Nelly ashone.

Mama Nelly alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono kwa mapaja. Hakuwa na kiburi chochote.

"Mimi sipo, Madam. Ujumbe umesema haijulikani niko wapi."

Madam akageuka akamwangalia Denno, ambaye tayari alikuwa amevaa T-shirt ya mfanyakazi bora. Akamwambia ashone yeye, si ndiye namba moja.

Wakuu, nilikuwa pale. Denno alishika sindano ya gunia kama kalamu ya kutia saini. Gunia la kwanza alishona juu, mahindi yakatokea kwa kona. La pili alilikumbatia vizuri ili lisimtoroke, akashona kwa bidii, jasho likamtoka, na kwa kweli nilianza kumheshimu. Alipomaliza akakaza kamba, akakata, akataka kusimama.

Hakusimama.

Alikuwa ameshona T-shirt pamoja na gunia. Kuanzia kwa kitovu mpaka kwa kwapa, mishono tisa, na ndiyo mishono mizuri pekee aliyoweka siku hiyo.

Dereva wa lori akaja, akaangalia, akauliza kwa upole kama na huyu anashukia Bungoma.

Madam alicheka kwanza. Alicheka mpaka akaketi kando ya Mama Nelly kwa gunia. Alipopangusa macho, akachukua mkono wa Mama Nelly, akaugeuza, akapitisha kidole chake juu ya vile vidole. Akaacha kucheka. Akasema ule ujumbe umefutwa, sasa tafadhali, mama, ashone.

Mama Nelly akasema sawa, lakini yeye aliambiwa hayupo kwa SMS, basi aambiwe yupo kwa SMS pia.

Nikaingia ofisini mbio. Nikaandika kwa Kiswahili safari hii, kutoka namba ile ile. Simu yake ikalia mfukoni. Akanipa nisome mbele ya watu wote, na miwani siku hiyo alikuwa ameivaa.

"Mpendwa mfanyakazi, umeonekana."

Wanaume wakapiga makofi. Yeye akachomoa sindano kwa kitambaa, akamfungua Denno kwanza, halafu akaanza magunia huku anamsimulia Madam habari za kwaya. Lori liliondoka saa nne.

Mashine haikurudishwa dukani. Iko pale chini kwa kreti, na watu wameanza kununua soksi nzuri. Lakini Madam alinunua na counter book moja, lile daftari kubwa la jalada gumu, akampa Mama Nelly. Mashine inaandika nani amefika. Mama Nelly anaandika nani amefanya kazi. Ripoti mbili zinaenda Bungoma, na mwezi huu magunia yameongezeka bila mtu kuongezwa. Denno siku hizi anakunywa chai kwa chupa, mezani, na amejifunza kupima mahindi unyevu. Hata amekuwa mtu.

Project yangu nimeirudia kuisoma. Haina makosa mengi sana, ila kwa kurasa sitini hakuna mahali HR anasalimia mtu kwa mkono. Ningemsalimia Mama Nelly kwa mkono siku ya kwanza, kama watu wote wa huku wanavyosalimiana, ningejua vidole vyake havina mistari kabla hata sijafungua boksi. Nilikuwa nampungia nikiwa mlangoni, ndani kulikuwa na wifi.

Hilo ndilo somo langu. Mtu wa IT na mtu wa HR waende washike mikono ya watu kwanza, mashine ije baadaye.

Kitu kimoja cha mwisho.

Juzi nilichungulia ile counter book. Kwa jina langu, Jumanne, kuna X. Nikaenda kulalamika. Nikamwambia mama, Jumanne nilikuwa ofisini kutoka asubuhi mpaka jioni, na mashine ina mguu wangu mara mbili.

Hakuangalia juu. Alikuwa anashona.

"Ulikuwa," akasema. "Lakini kazini hukufika."

Nikakumbuka Jumanne. Nilikuwa humu ndani siku nzima, nabishana na nyinyi kuhusu mpira.

Kwa hivyo wakuu, nani mwingine ofisi yake imewahi kuleta mashine ikaharibu mambo? Tiririkeni hapo chini, na wale HR wenzangu msijifiche. Nitawajibu saa ya lunch, kwa sababu leo ni siku ya kazi na nasikia gumboots zinakuja huku.