Siku Nilipoitikia Hodi ya Wimbo

Hii stori huwa sipendi kuisimulia, na ningeiacha ipotee kama si kwamba Litein nzima, mji wetu, inaijua, tena wanaisimulia vibaya, wanasema eti nililala nikakoroma, na mimi sikukoroma, afadhali hata ningekoroma.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua yetu ile ya kila siku imeshaanza, na mchumba wangu Chebet alikuwa amenialika kwa Mama Chelimo, nesi mstaafu ambaye mara moja moja hutoa makochi yake sebuleni, anapanga viti vya plastiki, anaita mwimbaji mmoja na watu wachache wanaojua kunyamaza. Siku hiyo mwimbaji alikuwa dada mmoja mwembamba kutoka pande za Longisa, na gitaa lake, maikrofoni na spika moja ndogo, na watu walikuwa wakisema akiimba hakuangalii wewe, anaangalia kitu kilicho nyuma yako. Kile Chebet hakuniambia mapema ni kwamba atakuja na baba yake. Mzee Koech alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana juu yangu (muda wote huo aliniangalia tu, vile mtu huangalia ng'ombe sokoni kabla ya kuuliza bei), na alipoingia akachagua mstari wa mbele kabisa, akapiga kiti cha pembeni kwa kiganja, akaniambia nikae hapo.

Nikakaa. Mbele yetu kulikuwa na kimeza chenye birika kubwa la chai ya maziwa, na mzee akavua kofia yake akaiweka hapo, mdomo juu.

Sasa mjue nilikuwa nimeamka alfajiri kukamua, na sebule ilikuwa na lile joto zuri la watu waliokaribiana, vioo vya madirisha vimeshika ukungu mpaka mashamba ya chai huko nje yamebaki kijani tu, kijani kisicho na mwisho. Dada akaanza. Hakuimba kwa nguvu, aliimba kama mtu anayemwambia mgonjwa habari za nyumbani, na ukitulia unasikia pumzi yake kati ya maneno. Kuna wimbo ulikuwa wa msichana anayerudi kwao baada ya miaka mingi, anafika mlangoni, anapiga hodi, hakuna anayejibu, anazunguka nyumba, anarudi anapiga tena (aliimba kwa Kipsigis, mimi nawapa maana tu). Nikasema moyoni, wacha nifunge macho kidogo, nisikie vizuri.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kufunga macho tu, sebule ikaenda. Nikajikuta jikoni kwa marehemu mama yangu, moshi umejaa, mvua juu ya mabati, yeye amenipa mgongo anakoroga sufuria. Mama hakuwa mtu wa kuuliza ni nani. Ukipiga hodi alikujibu palepale alipo, na kwa vile alilaza ndama wake nyuma ya mlango, jibu lake lilikuwa moja siku zote. Basi hodi ikaja, polepole, ikaja tena, na mama hageuki, na mimi nikaona si vizuri mtu anyeshewe hivyo huko nje. Nikajibu kwa niaba yake.

"Ingia, lakini usikanyage ndama!"

Kwa sauti, jamani. Ile sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Gitaa likanyamaza. Nikafungua macho nikaona dada ananiangalia mimi mwenyewe, si nyuma yangu, na watu wameanza kucheka, kwanza kwa pua halafu kabisa, na Chebet huko nyuma amefunika uso kwa leso. Mtu mwenye akili angebaki ameketi. Mimi nikasimama niende nje, mguu ukashika waya wa spika, spika ikaangukia kimeza, na birika lote likamwagika ndani ya kofia ya Mzee Koech, chai iliyobaki ikaishia kwa suruali yake. Kicheko kikakatika.

Nilitaka kukimbia, lakini dada akatoka kwa kiti chake, akasimama karibu yangu, bila maikrofoni, akaanza wimbo ule tena kutoka mwanzo. Alipofika kwa hodi akanyamaza. Akangoja. Nikaelewa ananingoja mimi, na watu wote wananingoja. Nikajibu, safari hii kwa sauti ndogo, maneno yaleyale, na nilipofika kwa ndama nikalia, kilio kabisa cha makamasi, mwanaume mzima mbele ya baba mkwe mtarajiwa. Hakuna aliyecheka.

Wimbo ulipoisha Mzee Koech akaikamua kofia yake kwa mikono miwili, taratibu, akaniuliza, "Mama yako aliitwa nani?"

Nikamwambia. Akalirudia lile jina mara moja, kama anayelipima, kisha akasema nitamnunulia kofia nyingine.

Binti yake alinipa, ingawa hadi leo hakuna mgeni anayepita kwa mzee bila kusimuliwa kisa hiki, na pale kwenye steji ya pikipiki boda boda wananiita Ndama. Nimeapa, sitafunga macho tena mahali penye gitaa. Dada yule akija huku naenda, lakini nakaa nyuma kabisa, macho wazi, mikono mapajani. Chebet husema huko nyuma sauti haifiki.

Inafika.