Chemchemi Ambayo Hakuna Aliyeitaja

Wankyo alizaliwa kijijini Mugeta, akaolewa Mugeta, na humo humo akamzika mumewe. Alilima pamba na kufuga ng'ombe wachache, na hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu aliyeshuka kwenye gari. Miaka ya nyuma walikuja watu wapole, wakauliza malisho mazuri yako wapi. Wakaonyeshwa. Msimu uliofuata bikoni za mpaka wa hifadhi zikasimikwa palepale, na ng'ombe akivuka anakamatwa.

Basi Clementi, mtafiti kutoka Musoma, alipofika uani kwake, Wankyo hakumwekea hata kigoda.

"Mama, kwenu hapa maisha mazuri ni nini?" aliuliza Clementi. "Kitu gani mngependa wajukuu nao wakikute?"

"Unauliza ili iweje?"

"Unaandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi. Tunataka ufuate yale mnayoyathamini ninyi."

"Wale wa kwanza nao walikuwaga na maneno matamu hivyohivyo."

Akamtajia bati, umeme na barabara. Chemchemi ya chini ya kilima aliinyamazia. Pale wanawake walichota maji hata kiangazi kikali, wakasuluhishana ugomvi wa majumbani, na wazee wakaombea mvua.

Siku ya mkutano wa kijiji, Clementi alitundika ramani kwenye ukuta wa shule. Bonde la chemchemi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani.

"Hapa patapandwa mikaratusi," alisema. "Hakuna aliyetuambia pana kazi nyingine."

Wankyo aliijua miti hiyo. Mikaratusi ingeyanywa maji yale yote. Akamgeukia jirani yake, Nyamhanga.

"Hata wewe hukusema?"

"Ningesemaje? Niliogopa wataichukua."

Mwanamke aliyekaa nyuma yao akakiri kwamba naye alificha. Kumbe kijiji kizima kilifunga mdomo.

Wankyo akasimama, akaeleza yote: maji, usuluhishi, maombi. "Bila umeme tumeishi," alisema. "Bila pale tutahama."

"Mbona hukuniambia, mama?" Clementi aliuliza.

"Sikujui, mwanangu. Na leo bado sikujui."

Mkutano ukaamua bonde libaki kuwa la maji, lisipandwe mti wa biashara. Clementi akaifuta ile rangi mbele yao. Wankyo hakupiga makofi.

Baada ya wiki chache Clementi alirudi, akaomba aonyeshwe mahali maji yanapotokea. Wankyo alikubali kumpeleka, ila kwanza akawaita Nyamhanga na majirani wengine waandamane nao. Mgeni akainama, akanywa, akayasifu maji. Wankyo akaitikia kwa adabu, macho yake hayakumwacha.