Daftari la Saa za Baba

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mwanangu, ndiyo saa niliyoiandika mara nyingi kuliko zote kwenye daftari langu. Nakumbuka siku nilipolianza. Baba alikuwa amelala chumba cha mbele, nyumbani kwetu Kiabakari, mwaka wa sita tangu ugonjwa wa kusahau umshike. Maneno yalikuwa yamemwisha. Tulipomgeuza kitandani ili tumwoshe, alitoa sauti moja ndefu, ikapanda, ikakatika.

"Anaita ng'ombe," nilimwambia dada yangu Bhoke.

Baba alichunga tangu utoto, na mwito ule tulikua nao. Kesho yake saa moja asubuhi aliita tena, saa ya kufungua zizi. Mimi ni mtu wa kuandika mambo, basi nikawa naandika saa ya kila mwito, na nilipoona hazibadiliki nikafurahi. Niliwaambia wageni kwamba akili imeondoka lakini uchungaji umebaki. Walicheka kwa upole, nami nikacheka nao.

Bhoke hakucheka. Alikuwa amesikia kanisani kwake Bunda kwamba yupo muuguzi wa Musoma anayezunguka majumbani kuwatuliza wagonjwa wasiopona, na familia huchangia mafuta ya pikipiki tu, shilingi elfu nane kwa mwezi. Nilikataa. Nilisema hao ni watu wa kansa, na kwetu ukimkaribisha mgeni wa namna hiyo umeshamchimbia mzee kaburi naye bado anapumua.

"Kusahau hakuumi," nilimwambia.

"Umejuaje, na yeye hawezi kusema?"

Aliniomba hivyo miezi minne. Wa tano hakuomba ruhusa. Muuguzi alifika na vumbi hadi kwenye nyusi, nami nikamwonyesha daftari kwa fahari kidogo. Alilisoma taratibu, kisha akauliza mzee tunamwosha saa ngapi.

Nikamjibu: saa moja asubuhi, na saa kumi na moja jioni.

Alimgeuza baba polepole huku akimtazama usoni. Sauti ikatoka. Nyonga ya kushoto ilikuwa imevimba, na kidonda tulichokuwa tukikipaka mafuta kilikuwa kimechimba ndani.

"Kaka, mzee haitagi ng'ombe," alisema. "Anaumia."

Alituachia dawa ya maji ya maumivu, akatufundisha kumgeuza kwa mito, akaketi nje na Bhoke mpaka Bhoke akamaliza kulia. Kesho yake jioni tulimgeuza baba saa ileile. Alipumua tu. Nilikuwa nimeshika kalamu, na sikuwa na cha kuandika. Aliishi siku kumi na tisa zaidi.

Mwanangu, mgonjwa akipoteza maneno, usimpe ya kwako. Mtazame uso kila unapomgusa. Ulizia mapema huduma hiyo ya kutuliza maumivu, uwe Butiama au Musoma mjini, maana ni haki ya anayesahau kama ilivyo ya mwenye kansa, na ni haki ya wanaomuuguza pia. Muuguzi haleti kifo mlangoni. Mungu akupe masikio niliyoyakosa mimi, na uzee wako uangukie mikono yenye subira.

Daftari bado ninalo. Kwa miezi minne ya kukataa, niliokoa shilingi elfu thelathini na mbili.