Kipindi cha Eucabeth cha Saa Kumi

Redio Jirani ilipoanza mjini Jinja, Uganda, mwaka 2003, ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari, na Eucabeth Akoth alikuwa mfagiaji wake. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, mjane wa fundi wa kiwanda, akiishi mtaa wa Walukuba na mwanawe Griffin. Siku moja mtangazaji wa Kiswahili hakufika. Mwenye redio akamuuliza Eucabeth kama anaweza kusoma. Akasoma, na ufagio akapewa mtu mwingine.

Kipindi chake kilikuwa saa kumi jioni: salamu, bei ya mahindi, matangazo ya vifo. Madereva wa malori walimsikiliza, na wachuuzi wa Kenya, na askari wa magereza waliotoka kaskazini. Wengine walizima. Jirani yake alimwambia, bila chuki, kwamba kwao Kiswahili kilikuja na watu wenye bunduki.

Griffin alipokua alipata kazi ya utingo kwenye malori. Waligombana kwa maneno ambayo Eucabeth hakupenda kuyasimulia, Griffin akaondoka, na simu yake ikawa haipatikani tena.

Mwaka 2016 redio iliuzwa ikahamia Mbale. Eucabeth akaifuata, akapanga chumba chini ya mlima Wanale, mahali ambapo hakumjua mtu. Kipindi kikapunguzwa kuwa nusu saa. Kadi za salamu kutoka kwa wasikilizaji zilikwisha. Siku zisipokuwapo salamu alisoma za zamani, akibadilisha majina ya miji tu.

Mwaka jana, wakati wa mvua, alithubutu jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baada ya bei ya mahindi alisema, "Griffin, kama unasikia, mama yako hayuko Walukuba tena. Yuko Mbale." Siku tatu alikaa na simu mkononi.

Siku ya nne akaja studioni mzee aliyelowa mpaka magotini. Alijitambulisha kuwa ni Gordon, afande mstaafu wa magereza.

"Mama, siku tisa redio inaimba tu," alisema. "Mimi nasema, huyu mama amekufa na hakuna mtu wa kumtangaza. Nimekuja kuuliza mazishi iko wapi."

Khainza, fundi mitambo, akakagua kompyuta. Ilikuwa imepangwa vibaya: kila saa kumi ilirusha muziki, na sauti ya Eucabeth iliishia studio. Siku tisa alikuwa akizungumza na ukuta.

Meneja, Bi Nambozo, alimpa kiti kwanza. Akamweleza kwamba katika siku tisa aliyelalamika ni mmoja, na kwamba kipindi kingefungwa mwisho wa mwezi. Eucabeth alisema ameelewa. Gordon, aliyekuwa akingoja mvua ipungue, alimuuliza alikuwa akisema nini siku zote hizo.

"Salamu tu, afande," alimjibu.

Siku ya mwisho Khainza alikagua mtambo mara mbili. Eucabeth alisoma vifo viwili na bei ya mahindi. Kisha akayarudia yale maneno ya Griffin, polepole, akataja na jina la mtaa. Muziki ulipoanza, simu ya studio ikalia. Aliipokea kabla Khainza hajanyoosha mkono.

Alikuwa Gordon.

"Imesikika, mama," alisema. "Imesikika vizuri."

Eucabeth akamshukuru, akakaa pale mpaka mtangazaji aliyefuata akahitaji kiti.