Nilimwajiri Manju, Kisha Nikamwanika Uwanjani

Nina umri wa miaka themanini na mmoja, na ninaishi Ngokolo, mjini Shinyanga. Mwenye ukurasa huu ameniahidi kwamba jina langu halitatokea. Majina mengine nimeyabadili mwenyewe. Jumamosi ijayo nimealikwa Geita na Kabula, mwanamke mwenye ofisi ya matangazo ya biashara. Anataka niwaeleze wateja wake jinsi mimi na marehemu baba yake tulivyofanya kazi kwa kuaminiana. Hajui kwamba aliyemharibia baba yake maisha ni mimi.

Miaka ya sabini nilikuwa na duka la baiskeli. Wakati ule, aliyetaka bidhaa yake ijulikane vijijini hakuchora bango. Alimwendea manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Baada ya mavuno, ngoma mbili hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, na inayovuta watu wengi zaidi ndiyo inayoshinda. Wimbo ulioshinda huimbwa mashambani mwaka mzima. Mimi nilimwendea Masanja, manju wa Samuye.

Tulikuwa tukikutana nyuma ya duka langu. Siku ya kwanza aliniomba nikae upande wake wa kulia.

"Bhabha, sikio la kushoto limekufa, na la kulia linafuata," alisema. "Ngoma naisikia kwa nyayo. Nakueleza wewe kwa sababu tunafanya kazi pamoja. Wachezaji wangu wakijua, watanihama."

Nilimwapia kwamba sitasema.

Kisha akaniimbia wimbo wake. Ulizisifu baiskeli zangu, lakini ubeti wa kwanza ulinicheka mimi: mwenye duka hajui kuendesha, huuza magurudumu na kwenda sokoni kwa miguu. Ilikuwa kweli. Sikuwahi kujifunza.

"Uondoe," nilimwambia.

"Haiwezekani, bhabha. Anayelipia wimbo hutaniwa kwanza. Asipotaniwa, watu husema sifa zimenunuliwa, nao huondoka."

"Anayelipa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini anayewajua watu wale ni mimi."

Nilimjibu kwamba mtunzi wa kukodiwa ni kama kuli: hubeba anachotwishwa. Akauondoa.

Siku ya shindano uwanja ulijaa. Wimbo haukufika mbali, bibi mmoja akapaza sauti: "Hee! Wimbo huu umetoka dukani na karatasi yake!" Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuhamia kwenye ngoma ya pili. Masanja hakusikia. Aliendelea kuimba, macho chini.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilipanda juu ya kiti, nikapiga kelele: "Ndugu zangu, msinicheke mimi! Nilimlipa manju, nikaletewa kiziwi. Tazameni!"

Nikashuka, nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto, nikamtukania mama yake. Hakugeuka. Nikarudia. Waliokuwa wakiondoka wakarudi mbio, wakishika mbavu. Masanja alipowaona wanarudi alitabasamu, akaongeza sauti. Alidhani wimbo wake umewapata.

Nakiri kwamba saa ile niliona raha.

Wachezaji wake walimhama wiki ileile. Hakuna aliyemwajiri tena, akaenda Geita kuchimba dhahabu kwa sururu. Siku moja wenzake waliona ukuta wa shimo unapasuka, wakamwita atoke. Walimwita mara nyingi. Aliyeniletea habari ya kifo chake alikuwa amekuja kununua tairi. Nilisema "poleni", nikamuuzia tairi.

Wakati huo duka langu lilikuwa limestawi, kwa sababu msimu uliofuata shindano lile nilimwajiri manju mwingine, nikampa ubeti uleule niliomkataza Masanja. Watu walitoka mbali kuja kumtazama muuza baiskeli asiyejua kuendesha, na wengi waliondoka wakisukuma baiskeli mpya.

Kabula alikuwa mchanga baba yake alipofariki. Mwezi uliopita alikuja kwangu, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wateja wangu wananitesa. Nikiwapelekea tangazo wanalikata mpaka linabaki jina la duka tu. Bibi yangu alinifundisha ule ubeti wa baiskeli, akaniambia baba aliutunga kwa ajili yako. Njoo uwaambie ulivyomwachia akucheke mbele za watu."

Nilimkubalia. Waliokuwapo uwanjani siku ile wamekufa karibu wote.

Najua wapo watakaoniambia nitubu, na kwamba jambo ni jepesi. Si jepesi. Nikisema kweli, nitamwanika Masanja mara ya pili, safari hii mbele ya mtoto wake na watu anaotafutia riziki kwao. Nikinyamaza, nitapigiwa makofi kwa uungwana ambao sikuwa nao, na ninaogopa kwamba nitayafurahia.

Ninyi mnaosoma haya, msinistahi kwa sababu ya mvi zangu. Niambieni: siku hiyo nisimame niseme nini?