Mliaji wa Iyunga na Wimbo wa Mgeni

Pale Iyunga mtu akifa, habari ilipelekwa kwanza kwa wachimba kaburi na kwa Evarista. Wachimba kaburi waliweza kuchelewa, watu wakavumilia. Evarista akichelewa, msiba ulipooza. Wanawake walikaa mikekani wakitazamana, huyu anakohoa, yule anauliza chumvi imewekwa wapi, mpaka aonekane anapandisha njia, kanga kaifunga kiunoni, viatu kavishika mkononi. Akifika mlangoni alitoa sauti moja ndefu, na wote waliokuwa ndani wakaangua kilio, hata wale waliokuwa hawamjui marehemu vizuri.

Hakuwa mwenyeji wa asili. Kwao ni Kalenga, upande wa Iringa, na aliletwa Mbeya na mumewe Yotamu, dereva wa malori ya barabara kuu. Yotamu alipofariki, yeye akabaki. Kulia alifundishwa na bibi yake, mengine akaongeza mwenyewe. Hakuna aliyemlipa, wala hakutaka malipo. Alitaka heshima, na hiyo alijichukulia kwa mikono yake miwili kwa kuwadharau waliaji wengine wote, kuanzia Mbalizi mpaka Uyole.

Na alikuwa na dharau, mama yule! Akirudi msibani hakuzungumzia marehemu, alizungumzia vilio. "Umemsikia yule shangazi mtu? Anaita mbuzi, halii." Au, "Yule machozi kajipaka mate, mimi nilikuwa namtazama." Mtu anayelia huku akinusa wali umefikia wapi, alimtambua kwa kutazama shingo tu. Walikuwapo watu waliofiwa kweli, wenye uchungu wa kweli, waliojizuia kulia mbele yake wasije wakawa gumzo la kisimani.

Basi mama huyu aliyelilia watoto wa kila mtu, alikuwa na wa kwake mmoja ambaye hakumlilia.

Jailos aliondoka mwaka lilipotangazwa Azimio, akavuka mpaka kwenda machimboni huko Kitwe. Alimwacha mkewe Kalista, msichana aliyekuwa hata hajazoea jiko la mama mkwe. Miaka ikapita. Ndipo akarudi Sedekia, kijana wa hapo hapo Iyunga aliyekuwa akiishi na Jailos chumba kimoja. Akasema shimo liliporomoka, Jailos alikuwa chini, na hakuna aliyetolewa. Alisema hayo amepiga magoti.

"Uliuona mwili?" Evarista akamuuliza.

"Hapana, mama. Hakuna aliyeuona."

"Basi toka nyumbani kwangu." Akamtoa kwa ufagio, majirani wakishuhudia.

Ndugu wa marehemu Yotamu wakaja. Walitaka kufanya kama wanavyofanyiwa watu waliopotelea mbali: uzikwe mgomba mahali pa mwili, watu walie, wanyoe nywele, yaishe. Lakini katika ukoo ule jina la aliyekufa halitajwi ovyo. Ni lazima mama yake au mkewe alitaje kwanza katika kilio, ndipo wengine wafuate. Likishatajwa, na mama akalipokea, mtu amekufa. Mama akilikataa, hakuna msiba, na aliyelitaja ameutia ukoo nuksi. Akiwa ni mke, anarudishwa kwao kwa aibu. Evarista akawatazama mashemeji zake mmoja mmoja, akasema, "Mwanangu yuko kazini." Wakanywa chai, wakaondoka.

Aliyeumia ni Kalista. Bila msiba hakuwa mjane, na asiye mjane ni mke wa mtu. Kule Rujewa alikuwapo Shija, Msukuma mmoja mwenye mpunga na ng'ombe, mtu mpole aliyefiwa na mkewe akaachiwa watoto wadogo. Alimwona Kalista sokoni akampenda, naye Kalista akampenda. Shija alifika kwa Evarista kwa adabu zote, kofia kaikumbatia kifuani kama yai. Evarista akampa kiti, akampa maji, akamwambia kwamba mwenye mke akirudi kutoka Kitwe atamfikishia salamu zake. Shija akarudi zake Rujewa. Baadaye akatuma neno: mpunga ukishavunwa ataoa, kwa sababu watoto wanahitaji mama. Akimpata Kalista atashukuru Mungu. Asipompata, ataoa mwingine.

Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Kalista alikuwa anakaribia thelathini na hana mtoto. Hayo Evarista aliyajua kuliko mtu yeyote, akayakalia.

Mambo yakiwa hivyo likaja lile tamasha. Treni mpya ilikuwa imeanza kupita, Mbeya imejaa wageni, na kila mwenye kiti cha kuzunguka ofisini alitaka aonekane mtu aliyeuona ulimwengu. Katika wageni hao alikuwamo Mama Aino, mke wa mtaalamu mmoja wa kilimo kutoka Ufini, mama mnene mwenye mashavu mekundu na moyo mzuri. Huko kwao alikuwa mwimbaji wa opera, ile michezo ambayo watu huimba tangu pazia linafunguliwa, na hata mtu akichomwa kisu anaimba kwanza, kisha ndiyo anakufa. Alikuwa anarudi kwao, akasema angependa kuwaaga watu kwa kuimba.

Kazi ya kuandaa alipewa Mwalimu Philbert, aliyepelekwa Ulaya kusomea muziki akarudi na skafu. Aliivaa skafu ile juani na mvuani. Philbert akataka safu ya mbele ikaliwe na akina mama wa utamaduni, ili ukumbi upendeze. Siku moja alikuwa amewasikia kwa mbali wanawake wa Evarista wakilia msibani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaribia misiba ya makabwela, aliamini mpaka siku ile kwamba wale ni kwaya. Akawaalika rasmi, Kikundi cha Utamaduni cha Akina Mama wa Iyunga.

Evarista alicheka mpaka akashika ubavu. "Tutakwenda," akasema. "Nataka nione wakubwa wanaliaje." Na Kalista akaambiwa avae, kwa sababu Evarista hakumwacha nyumbani peke yake hata siku moja.

Jumamosi ile mchana ukumbi ulijaa. Mbele kabisa, akina mama wa Iyunga kwenye benchi. Nyuma yao, kwenye viti vyenye mito, Ndugu Magesa, mkubwa wa idara mojawapo pale mjini, ndani ya kaunda suti iliyombana, na mkewe pembeni. Sista mmoja wa misheni akakaa kwenye kinanda. Philbert akasimama kueleza. Akasema wimbo huu si wa opera yenyewe, ni wimbo mwororo uliotoka katika mchezo wa kuigiza wa nyimbo, unahusu mapenzi, na kwamba mtu yeyote mstaarabu akiusikia ni lazima aguswe.

Kosa likawa hapo. Baada ya kuambiwa vile, nani angekubali kuonekana hakuguswa?

Mama Aino akaanza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kinapita kwenye koo la Kifini, kwa hiyo hata waliokijua hawakuambulia kitu. Haikuwazuia. Ndugu Magesa alifumba macho papo hapo, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi, na mtikiso wake haukukutana na kinanda hata mara moja. Mkewe hakuutazama wimbo. Alimtazama mumewe, apate kujua ni wakati gani wa kuhuzunika. Philbert alitoa leso hata ubeti wa kwanza haujakwisha. Bwana mmoja aliyekuwa amesinzia alishtuka, akaona wenzake wanafuta macho, akafuta na ya kwake, akasinzia tena.

Evarista alikuwa amegeuka nusu kwenye benchi, anawala kwa macho. Alikuwa na raha kama yuko harusini.

"Mwone yule mwalimu," alimnong'oneza Kalista. "Leso imetoka, machozi yako wapi? Na huyu wa kaunda suti, anayafinya macho kama anakamua ndimu. Hawa ndio wakubwa wetu! Hata kufiwa hawajui."

Kalista alikuwa anamtazama Mama Aino.

Na Mama Aino alikuwa ameanza kupanda. Sauti ilitoka chini ikaenda juu, ikafika mahali watu walipodhani ndiyo mwisho, ikapita. Halafu ikaanza kutetemeka. Mkono mmoja kifuani, mwingine kaunyoosha kwa mtu asiyekuwapo. Evarista mwenyewe alilazimika kukiri moyoni kwamba sauti anayo, ila amefundishwa mahali pa kutetemekea. Lakini wanawake wenzake wa benchi hawakuwa wanapima. Walichokiona ni mwanamke mtu mzima, amesimama peke yake mbele za watu, sauti inamkatika, na hakuna hata mmoja anayemwitikia. Katika maisha yao yote hawajawahi kumwacha mwanamke katika hali ile.

"Huyu mama analia peke yake jamani," mmoja akasema. "Ni haki hiyo?"

"Kaeni chini," Evarista akakemea. "Anaimba huyo, halii."

Hawakukaa. Wa kwanza alifunga kanga kiunoni, wa pili akavua viatu, na kufumba na kufumbua benchi zima lilikuwa limehamia jukwaani. Wakakaa sakafuni kumzunguka mgeni, mmoja kashika pindo la gauni, mwingine kaegemeza kichwa kwenye goti lake, wakaangua kilio cha Iyunga, kile chenyewe. Sista akakosea vidole, akarudi. Mama Aino alitoa macho, lakini mtu wa jukwaa ni mtu wa jukwaa. Hakunyamaza, aliongeza sauti.

Ndugu Magesa alifumbua macho, akamgeukia Philbert kwa hasira. "Hii nini?"

"Utamaduni wetu, ndugu," Philbert akajibu bila kupepesa.

"Ahaa!" akasema Magesa, akafumba macho upya. Safari hii alijitahidi zaidi mpaka akapata tone moja, na hakulifuta, ili lionekane.

Kwenye benchi walibaki Evarista na Kalista. Evarista alikuwa anawaka. Wanawake aliowafundisha kwa mkono wake, wanalilia nini? Nani kafa? Wanalilia hewa, mbele ya watu! Alikuwa anaandaa maneno atakayowapa njiani, ndipo akasikia benchi limekuwa jepesi. Kalista amesimama.

Evarista akamdaka kanga. "Wewe, unakwenda wapi?"

"Niache, mama," Kalista akasema taratibu. "Mimi nimechoka." Kanga ikabaki mkononi mwa mama mkwe, mwenyewe akaenda.

Alikaa katikati ya wanawake, akanyoosha miguu yote miwili mbele kama wanavyokaa wafiwa, akatoa sauti. Na Evarista, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichofanya ni kuipima sauti ile. Juu mno, akaona. Inatoka kooni. Ya mtu asiyejua kulia. Alikuwa ameshafungua mdomo afyonye, wakati Kalista alipoita.

"Jailos! Jailos wangu we! Umeniacha na nani?"

Wanawake walinyamaza ghafla, wote. Walitazamana. Kisha yule aliyekuwa amelala kwenye goti la mgeni akalipokea jina, na wa pili, na wa tatu, mpaka likawa linatoka kwenye vinywa vyote, Jailos, Jailos, na juu yake Mama Aino anaishikilia noti yake ya mwisho, hajui anamzika nani. Akaikata. Sista akainua mikono.

Ukumbi ulisimama. Ndugu Magesa alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. "Safi! Safi sana!" Mkewe alipiga. Aliyesinzia aliamka akapiga kuliko wote. Philbert aliinama kulia, akainama kushoto, kana kwamba yeye ndiye aliyeimba.

Evarista aliinuka. Alikwenda jukwaani na kanga ya Kalista mkononi, na watu wakampisha wakidhani sasa ni zamu yake. Makofi yalikuwa yanampiga mgongoni. Walikuwa wanampigia makofi mwanawe, mtoto aliyemzaa kwa tabu akamnyonyesha, aliyelala chini ya mawe ya nchi ya watu. Wanawake wa Iyunga waliacha kulia, wakamtazama yeye. Walijua kilichokuwa mdomoni mwake. Neno moja tu, kwamba mwanangu yuko kazini, na kilio kile kingekuwa kimeharibika, na Kalista angefungishwa virago kesho yake na aibu ambayo hata Shija asingeweza kuipokea.

Kalista aliinua uso. Ulikuwa umejaa machozi na kamasi, hauna mpango wowote. "Nimeshalitaja, mama," akasema. "Sema wewe."

Evarista aliinama, akamfuta uso kwa kile kipande cha kanga, mashavu kwanza, kisha pua, akimgandamiza kwa nguvu kama mtoto mdogo. Akamshika mkono, akamwinua. Wakashuka jukwaani wawili, wanawake wengine wakafuata nyuma, viatu mikononi.

Walipofika mlangoni Ndugu Magesa aliwafikia, anahema, uso unang'aa kwa furaha.

"Hongereni sana, akina mama! Mmetugusa, mmetugusa kabisa. Hebu rudieni kidogo kile kipande cha mwisho, kile cha kuita jina. Wageni wamekipenda."

Evarista alimtazama, na safari hii hakukuwa na dharau usoni mwake, wala kitu kingine.

"Hakirudiwi, baba," akamwambia. "Nilikuwa naye mmoja tu."